Kuijaribu Mitambo ya Kura za Ukumbini Kabla ya Kuinunua

Mitambo ya kupigia kura mikutanoni huuzwa kwa maonyesho. Muuzaji hufika ofisini na mkoba, hugawa rimoti kumi kwa watu kumi waliozunguka meza, huuliza swali jepesi, na baada ya sekunde chache nguzo za rangi hupanda ukutani. Wote huridhika kwamba kitu kinafanya kazi. Kilichoonekana kwa kweli ni kwamba watu kumi walioketi mita tatu kutoka kwenye kompyuta wanaweza kutuma tarakimu moja moja. Kama tarakimu hizo zilifika zote, na kama zilifika vile zilivyobonyezwa, hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyeandika mahali popote alichobonyeza. Jaribio la maana ni lile ambalo jibu lake sahihi limejulikana kabla mtambo haujaulizwa, na ambalo limefanywa katika mazingira magumu kama yale ya siku ya mkutano, au magumu zaidi.

Mitambo hii ni ya namna tatu. Ya kwanza ni rimoti: kila mjumbe hupewa kifaa kidogo chenye vitufe, nacho huwasiliana kwa mawimbi ya redio na kipokezi kilichochomekwa kwenye kompyuta ya mwendeshaji. Rimoti za kizamani zilitumia mwanga wa infraredi kama zile za televisheni, na zilitaka kuelekezwa kwenye kipokezi bila kizuizi chochote. Bei yake ikiwa rahisi isimvutie mwenye ukumbi mkubwa. Namna ya pili hutumia simu janja za wajumbe wenyewe, ambao hufungua ukurasa wa wavuti na kuchagua jibu. Mentimeter na Slido ni majina yanayofahamika hapa. Ya tatu hupitia simu yoyote ile, hata kitochi, kwa SMS au kwa msimbo wa USSD unaoanza na nyota na kuishia na alama ya reli. Namna hii ya mwisho ilipata nguvu Kenya wakati wa korona. Mwezi Aprili 2020 Mahakama Kuu iliruhusu kampuni zilizoorodheshwa katika soko la hisa kufanya mikutano mikuu kwa njia ya mtandao, na mwezi Julai mwaka huohuo Safaricom ikafanya mkutano wake wa mwaka kwa njia hiyo, wanahisa wakijiandikisha kwa simu zao. Mwaka 2021 sheria ya makampuni ya Kenya ikarekebishwa ili mikutano ya aina hiyo iwe na nafasi yake ya kudumu.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, kampuni hujiuliza kura zake ni za nini. Kuna kura ya maoni, ambapo mkurugenzi anataka kujua kama wafanyakazi wameelewa mpango wa mwaka. Kura tatu zikipotea kati ya mia, picha haibadiliki. Na kuna kura inayofunga, ile ya kuchagua wakurugenzi, kuteua wakaguzi wa hesabu au kubadili katiba ya kampuni. Hapo kura moja iliyopotea ni haki ya mtu, na inaweza kuwa kesi. Vifaa vingi vilivyopo sokoni vilibuniwa kwa ajili ya aina ya kwanza, kisha vikatangazwa kuwa vinafaa kwa zote mbili. Sheria nazo zina neno lake. Katika Tanzania na Kenya, ambako sheria za makampuni zina asili ya Kiingereza, kura ya kunyoosha mikono kwa kawaida humpa kila mwanahisa aliyepo kura moja, ilhali kura ya kuhesabiwa humpa kura kulingana na hisa zake. Azimio maalumu hudai robo tatu ya kura. Katika chama cha ushirika kanuni ni mwanachama mmoja kura moja, awe na hisa kumi au elfu kumi. Katibu wa kampuni ndiye wa kusema kama katiba yao inakubali kura ya kielektroniki hata kidogo, na swali hilo huulizwa mwanzo, si baada ya hundi kuandikwa.

Mtambo unaweza kufanya kazi barabara na bado usifae. Hati miliki ya kwanza ya Thomas Edison, aliyoipata tarehe 1 Juni 1869, ilikuwa ya mashine ya umeme ya kurekodi kura za wabunge. Ilihesabu kwa haraka na bila makosa. Wanasiasa wa Marekani hawakuitaka, kwa kuwa kuitwa majina mmoja baada ya mwingine kuliwapa muda wa kushawishiana, na upande wenye watu wachache ulipata nafasi ya kuchelewesha mambo. Mashine ingewanyang'anya vyote viwili. Wako wenyeviti wa bodi hadi leo ambao wangefikiri kama wabunge wale, na ni bora waliseme hilo kwenye kikao cha manunuzi kuliko kuuacha mtambo ufe kabatini.

Jaribio lenyewe halihitaji utaalamu mkubwa, linahitaji karatasi. Kila mjaribu hupewa rimoti yenye namba na karatasi yenye majibu yaliyopangwa kwa bahati nasibu: swali la kwanza bonyeza 2, la pili bonyeza 1, la tatu usibonyeze kitu. Jumla ya kila swali inajulikana kabla ya swali kuulizwa. Baada ya zoezi, faili ghafi la mtambo hulinganishwa na karatasi, rimoti kwa rimoti na swali kwa swali. Kulinganisha jumla peke yake hakutoshi. Ndiyo moja iliyosomwa hapana na hapana moja iliyosomwa ndiyo hufutana, na jumla hutoka safi kana kwamba hakuna kilichotokea. Muuzaji asiyeweza kutoa faili ghafi, au anayesema lipo kwenye seva za kampuni mama na litaletwa baadaye, amekwisha kujibu swali kubwa kuliko yote.

Ndani ya karatasi hizo huchanganywa vituko. Mjaribu mmoja abonyeze 1 kisha 3. Mwingine abonyeze kitufe kimoja mara kumi mfululizo kwa pupa, kama watu wafanyavyo kwenye lifti. Wa tatu abonyeze tarakimu isiyokuwamo katika majibu. Wa nne abonyeze sekunde moja baada ya kura kufungwa. Kwa kila kituko kuna kanuni mbili au tatu zinazokubalika: mtambo unaweza kuhesabu chaguo la kwanza au la mwisho, na yoyote kati ya hizo ni halali. Isiyokubalika ni ile ambayo muuzaji haijui. Hutazamwa pia kama mjumbe anapewa jibu kwamba kura yake imefika. Rimoti nzuri huonyesha alama au taa ya kijani baada ya kipokezi kuthibitisha kuipokea kura. Rimoti duni huwasha taa kwa sababu tu kitufe kimebonyezwa, kura ifike isifike. Tofauti hiyo hugunduliwa kwa kuchomoa kipokezi kwenye kompyuta na kubonyeza. Taa ikiendelea kuwaka kijani, inadanganya.

Kura ngapi za majaribio zinatosha? Hesabu ya uwezekano ina jibu linalowashangaza wanunuzi wengi. Mtambo unaopoteza kura moja katika kila kumi ni mbovu kiasi cha kutupwa, na bado nafasi yake ya kupita onyesho la watu kumi na swali moja bila kosa lolote ni kubwa kuliko moja kwa tatu. Kwa majaribio marefu wanatakwimu wana njia ya mkato: jaribio likifanywa mara nyingi bila kosa hata moja, gawanya tatu kwa idadi ya majaribio, na unaweza kuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango halisi cha makosa hakizidi hapo. Kura 300 bila kosa zinaonyesha kwamba makosa hayazidi asilimia 1. Watu 40 wakijibu maswali 25 hupatikana kura 1,000, na kikomo hushuka hadi asilimia 0.3. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Njia hii, hata hivyo, huchukulia kwamba kila kura inasimama peke yake, na ukumbini haziko hivyo: rimoti yenye betri dhaifu hukosea swali hadi swali, na kona yenye mawimbi hafifu huwanyima kura wote walioketi humo.

Jambo hilo la kona lina uzito kuliko linavyosikika. Chukua mkutano wenye wapiga kura 400 wenye haki sawa na azimio linalotaka robo tatu. Wanaounga mkono ni 301, wanaopinga 99. Azimio limepita kwa asilimia 75.25. Kura tano za ndiyo zikipotea kutoka benchi moja la nyuma, mtambo utahesabu ndiyo 296 kati ya kura 395, yaani asilimia 74.94, na azimio limeanguka. Watu wa benchi moja mara nyingi ni wa tawi moja au idara moja, waliokuja kwa basi moja na wenye msimamo mmoja. Kwa hiyo kura zinazopotea ukumbini hazipotei kwa usawa pande zote, na asilimia ndogo ya makosa iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji haimlindi mtu.

Ndiyo maana ukumbi wenyewe ni sehemu ya jaribio. Rimoti nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi, Bluetooth na oveni ya mikrowevu. Maji hufyonza mawimbi ya masafa hayo, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Ukumbi mtupu hupitisha mawimbi vizuri. Ukijaa watu, kila safu ya viti huwa ukuta unaomeza sehemu ya mawimbi, na simu zilizomo mifukoni huongeza kelele za redio. Mtambo uliojaribiwa Ijumaa jioni katika ukumbi mtupu unaweza kushindwa Jumamosi asubuhi bila kitu chochote kuharibika. Ukumbi wa Simba katika Kituo cha Mikutano cha AICC, Arusha, huchukua watu 1,350. Jaribio la chumba cha bodi haliwezi kusema lolote kuhusu mahali kama hapo.

Si rahisi kuwakusanya watu mia nne kwa ajili ya majaribio, lakini mara nyingi wamekwisha kukusanyika kwa jambo lingine: mkutano wa wafanyakazi wote, semina ya mawakala, sherehe ya Mei Mosi. Muuzaji anayejiamini hukubali kuleta vifaa vyake hapo. Ikishindikana, wajaribu wachache hupangwa mahali pabaya kuliko pote: nyuma ya nguzo, chini ya roshani, kwenye kona ya mbali na kipokezi, karibu na mafundi wa sauti na maikrofoni zao zisizo na waya. Rimoti zishikwe mapajani, jinsi mjumbe anavyoishika, zisiinuliwe juu kumsaidia muuzaji. Wi-Fi ya ukumbi iwashwe, na simu kadhaa zifanywe vituo vya intaneti. Kipokezi kiwekwe juu ya vichwa vya watu. Kikiachwa mezani nyuma ya kompyuta mpakato, nusu ya uwezo wake imekwenda. Fundi wa muuzaji akijua hilo bila kuambiwa, ni dalili njema.

Masafa yana mtego mwingine kwa anayeagiza vifaa kutoka nje. Katika mgawanyo wa kimataifa wa masafa ya redio, Afrika imo katika Kanda ya Kwanza pamoja na Ulaya, na mabara ya Amerika yamo katika ya Pili. Bendi ya megahezi 902 hadi 928, ambayo kule ni huru kwa vifaa vidogo kama rimoti, huku kwetu imeingia ndani ya masafa ya GSM 900, ambayo simu hutumia kutuma mawasiliano kwenda kwenye mnara kati ya megahezi 890 na 915. Rimoti za toleo la Marekani za bendi hiyo zinaweza kuvuruga simu, na zenyewe zikavurugwa na mamia ya simu zilizomo ukumbini. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, za megahezi 433 au 868, ziko karibu zaidi na utaratibu wa huku. Vyovyote iwavyo, kifaa cha redio huhitaji kuthibitishwa na mamlaka, TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, na muuzaji ndiye wa kuonyesha cheti. Mzigo uliokwama forodhani wiki moja kabla ya mkutano ni hasara ya mnunuzi, hata mkataba useme nini.

Mitambo ya simu janja huonekana rahisi kwa sababu vifaa vinaletwa na wajumbe wenyewe. Ugumu umehamia kwenye intaneti. Ruta ndogo zilizozoeleka hotelini na maofisini huwa zimepangwa kutoa anwani zisizozidi 254 kwa mtandao mmoja; simu ya 255 itaona Wi-Fi, itajaribu kuingia, na haitapata anwani. Hata kabla ya kufika idadi hiyo, antena moja ya Wi-Fi huelemewa na simu kadhaa zinazotaka kutuma kwa sekunde ileile, na kura ndiyo hali hiyo hasa: watu wote wamekaa kimya dakika kumi, kisha mwenyekiti anasema "pigeni kura" na wote wanagusa skrini pamoja. Kuomba ukumbi uhakikishe intaneti yenye kasi hakusaidii, kwa kuwa kasi ya kwenda nje haikuwa tatizo. Yafaa kuuliza ziko antena ngapi, ziko wapi, na kila moja imewahi kubeba simu ngapi kwa wakati mmoja. Kuwaachia wajumbe watumie bando zao ni njia nyingine, na inafaa pale minara inapotosha, ila mjumbe aliyeishiwa bando hatasimama mbele ya watu kulisema hilo. Atanyamaza, na kura yake haitahesabiwa.

Kuna kasoro mbili za programu ambazo hujitokeza tu ukumbini. Simu zote zilizo kwenye Wi-Fi moja hutoka kwenda intaneti kwa anwani moja ya nje. Programu iliyowekewa kinga dhidi ya udanganyifu kwa kuzuia kura nyingi kutoka anwani moja itawaona wajumbe mia tatu kama mtu mmoja mwenye fujo, na kuwafungia. Kasoro ya pili ni kinyume chake. Programu nyingine humtambua mpiga kura kwa alama ndogo iliyohifadhiwa kwenye kivinjari chake. Akifungua dirisha la faragha la kivinjari hichohicho, huwa mtu mpya na hupiga kura ya pili. Kujaribu hili huchukua dakika moja, na inashangaza ni mara ngapi inawezekana. Kwa kura ya maoni si kitu. Kwa uchaguzi wa wakurugenzi, kila mjumbe lazima awe na namba yake ya siri inayotumika mara moja, na mtambo usio na njia ya kuzigawa namba hizo haufai kwa kazi hiyo, uwe mzuri namna gani kwa sura. Maonyesho ya bure pia yana hila yake: toleo la bure huwa na kikomo cha washiriki, na anayejaribu na wenzake wanane hatakifikia kikomo hicho hadi siku ya tukio.

USSD huondoa haja ya intaneti na ya simu janja, na kwa vyama vya akiba na mikopo vyenye wanachama vijijini hiyo ni faida kubwa. Lakini msimbo lazima ufanye kazi kwa kila kampuni ya simu ambayo wanachama wanaitumia, na makubaliano na kampuni hizo hayafanyiki kwa siku mbili. Jaribio lifanywe kwa laini za mitandao yote, si ule wa meneja peke yake. Kila ujumbe wa USSD una nafasi ya herufi 182 tu, kwa hiyo maelezo marefu ya azimio hukatwa katikati. Na kikao hujifunga kikikaa muda mfupi bila jibu, jambo linalowapata zaidi wasomaji wa polepole na wazee. Wajaribu waongoze kikao hadi hatua ya mwisho kisha wasubiri, waone kama wakirudi wanaanza upya au wanaendelea, na kama kura ya nusu imehesabiwa. SMS kwa upande wake hupokelewa, huhifadhiwa, kisha hupelekwa mbele mtandao unapopata nafasi. Inaweza kufika baada ya dakika kadhaa, wakati kura imekwisha kufungwa. Kwa kura inayofunga, ni chaguo la mwisho.

Makosa mengi katika mikutano ya wanahisa hayatoki kwenye redio wala intaneti. Yanatoka kwenye daftari. Orodha ya wanahisa huhamishwa kutoka kwa msajili hadi kwenye mtambo kupitia faili la jedwali, na humo njiani mambo hupotea. Namba ya uanachama 00412 hugeuka 412, na mwenye nayo haonekani tena. Majina yenye ng', kama Ng'ang'a au Ng'wandu, hubeba alama ya ritifaa ambayo programu iliyoandikwa kizembe huiona kama mwisho wa jina, na wakati mwingine hukataa mstari mzima. Wanaoitwa Juma Ally Juma wako wengi, na programu inayounganisha majina yanayofanana huwafanya kuwa mmoja. Kwa sababu hiyo faili la majaribio linalotolewa na muuzaji halina thamani: limejaa majina mafupi yasiyorudiwa. Itumike nakala ya daftari halisi, namba za simu na vitambulisho vikiwa vimebadilishwa, maana Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, na kumkabidhi muuzaji ambaye hajapata zabuni taarifa za wanahisa wote ni kuvunja uaminifu wao hata kabla ya kuvunja sheria.

Uzito wa hisa hujaribiwa kwa mifano michache ya makusudi. Mwanahisa mmoja awe na hisa 1 na mwingine hisa 1,000,000. Mmoja awakilishe wenzake watano, watatu kati yao wakiwa wameagiza ndiyo na wawili hapana. Mtambo usioweza kuzigawa kura za mwakilishi mmoja utazipeleka zote upande mmoja. Mwanahisa aliyetuma fomu ya uwakilishi atokee ukumbini mwenyewe, kama inavyotokea kila mwaka, na mtambo uonekane unafanya nini na fomu yake. Jumla zote hukokotolewa kwanza kwa kikokotoo cha mkononi. Kisha hutazamwa skrini. Asilimia 74.96 ikiandikwa kwa desimali moja husomeka 75.0, na ukumbi mzima utashangilia azimio lililoshindwa. Skrini ya mkutano wa kisheria huonyesha kura zenyewe pamoja na asilimia, na hutenganisha aliyejizuia na ambaye hakupiga kura kabisa, kwa kuwa watu hao wawili hawahesabiwi sawa.

Usiri hauthibitishwi kwa kipeperushi. Baada ya jaribio, fundi wa muuzaji huombwa atoe kila kitu kilichohifadhiwa: faili, kumbukumbu za ndani, nakala za dharura. Kama humo mna namba ya rimoti na jibu lake, na mezani pa usajili kuna orodha ya nani alichukua rimoti gani, kura si ya siri, hata skrini iandike nini. Kwa kura ya hisa hali hiyo huenda ndiyo inayotakiwa, maana mkaguzi wa kura lazima aweze kufuatilia. Kwa uchaguzi wa viongozi wa chama cha wafanyakazi au wa ushirika haikubaliki. Mitambo mingine ina kitufe cha kubadili kati ya hali hizo mbili. Inabidi ijaribiwe kama kubadili kunafuta uhusiano au kunauficha tu. Sambamba na hilo, matokeo yasionekane ukutani kabla ya kura kufungwa. Nguzo zinazopanda mbele ya macho ya watu humvuta anayesitasita kwenda kwa wengi, na programu nyingi zimepangwa hivyo tangu kiwandani kwa sababu hufurahisha.

Umeme ujaribiwe kwa kuukata. Katikati ya kura, waya wa kompyuta ya mwendeshaji huchomolewa ukutani na betri yake kuondolewa inapowezekana. Ikiwaka tena hutazamwa kama kura zilizokwisha kufika zimo. Programu nzuri huandika kila kura kwenye diski papo hapo inapoingia, programu mbaya husubiri kura ifungwe. Sekunde zinazopita kati ya umeme kukatika na jenereta kushika zinatosha kuonyesha tofauti hiyo. Huulizwa pia kama kuna kompyuta ya pili yenye nakala ya faili, na kama mwendeshaji anaweza kuhamia humo bila kumpigia mtu Johannesburg au London.

Wanaojaribu wasiwe kitengo cha TEHAMA. Watu hao hufaulu na kifaa chochote, na kufaulu kwao hakusemi kitu. Watafutwe wanaofanana na wajumbe halisi: mstaafu asiyeona vizuri bila miwani, mfanyabiashara asiyependa kusoma maelekezo, mtu aliyechelewa kufika na hakusikia yaliyosemwa. Maandishi ya mtambo yawe kwa lugha ya mkutano. Menyu ya Kiingereza katika mkutano wa Kiswahili hupunguza wapiga kura bila mtu kujua kwa nini. Muda nao upimwe kwa saa. Ikiwa kumsajili mjumbe na kumkabidhi rimoti huchukua sekunde 20, wajumbe 400 kwenye meza tatu watahitaji dakika 44 hata foleni isipokwama hata mara moja, na kuzikusanya rimoti mlangoni, wakati kila mtu anakimbilia chakula, ni kazi nyingine. Rimoti moja au mbili huenda nyumbani kwenye mkoba wa mtu.

Hapo ndipo swali la kununua au kukodi linapopata majibu. Kampuni yenye mkutano mkuu mmoja kwa mwaka haina sababu ya kumiliki rimoti 400 zinazolala kabatini siku 364, betri zikivuja ndani yake na programu ikipitwa na wakati. Chuo, ukumbi wa mikutano au kampuni ya kuandaa hafla, inayozitumia kila wiki, ina hesabu tofauti. Katika gharama ya kumiliki huingizwa ada ya leseni ya kila mwaka, ambayo mara nyingi hutozwa kwa dola, betri, rimoti za kufidia zilizopotea, na mshahara wa angalau mtu mmoja anayeujua mtambo vizuri. Hata anayenunua hufanya vyema kukodi kwanza kwa mkutano mmoja halisi, kura za karatasi zikipigwa na kuhesabiwa sambamba, na karatasi ndizo ziwe na nguvu ya kisheria siku hiyo.

Masharti ya kufaulu huandikwa kwenye nyaraka za zabuni, kabla ya wauzaji kuja na mikoba yao: kura 1,000 za majibu yanayojulikana bila tofauti hata moja isiyoelezeka, faili ghafi kutolewa siku hiyohiyo, umeme kukatwa mara mbili bila kura kupotea, daftari halisi kuingizwa bila jina kuachwa. Malipo ya mwisho hufungwa na jaribio hilo likifanyika kwenye vifaa vilivyoletwa, si kwenye sampuli. Programu ikisasishwa, hata kama muuzaji anasema ni mabadiliko madogo, zoezi hurudiwa kwa rimoti chache siku moja kabla ya mkutano, na karatasi zake hutiwa saini na mkaguzi wa kura na kuwekwa pamoja na kumbukumbu za mkutano huo.